Elimu ya Injini (Sehemu ya Tatu): Zebaki ya Torricelli Ndani ya Gereji

Kila EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, gereji zetu hujaa magari ya miaka ya 1990 ambayo wenyewe wanalalamika kuwa yanakunywa mno. Mwezi huu hali ni ileile. Wengi wataondoka na plagi mpya na pampu mpya, ilhali ugonjwa umebaki palepale. Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi pistoni inavyopunguza hewa ndani ya manifoldi na jinsi mafuta yanavyosukumwa hadi kwenye nozo. Leo tupime. Geji mbili za bei nafuu zinatosha, na fundi asiyepima anacheza bahati nasibu kwa fedha ya mwenzake.

Geji ya vakyumu imeandikwa inchi za zebaki, kuanzia 0 hadi 30. Tarakimu hizo zinatoka mbali. Mwaka 1644 Mtaliano Evangelista Torricelli alimwandikia rafiki yake Michelangelo Ricci kuhusu mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, ukajazwa zebaki, kisha ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka, ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi, yaani inchi 30, na juu yake pakabaki patupu. Torricelli alishikilia kwamba utupu ule hauvuti chochote. Ni uzito wa hewa ya nje unaoikandamiza zebaki iliyo bakulini. Fundi akilielewa hilo amelielewa na tatizo letu: hewa ya nje hujisukuma kuingia ndani ya injini, na itapenya popote itakapopata ufa.

Mfaransa Blaise Pascal alitaka ushahidi zaidi. Kwa ombi lake, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme tarehe 19 Septemba 1648 akiwa na mrija na zebaki. Kileleni, takribani mita 1,000 juu ya mji wa Clermont, zebaki ilisimama chini zaidi kwa inchi 3 na ushei. Ninachomstahia Périer hasa ni uangalifu wake. Aliacha mrija wa pili bondeni, katika bustani ya watawa, mmoja wao akiutazama mchana kutwa, haukubadilika. Kule juu alirudia kipimo mahali mbalimbali kabla ya kukiamini. Imepita zaidi ya miaka 370, na bado tunao mafundi wanaotoa hukumu bila kupima hata mara moja.

Somo la Périer linatuhusu moja kwa moja. Injini nzima ikiwa kwenye silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, Dar es Salaam husoma inchi 17 hadi 21, sindano ikiwa imetulia. Kila unapopanda mita 300 hivi, hupotea karibu inchi 1. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, inchi 12 hadi 15 ni afya njema. Asiyejua hilo ataifungua injini isiyo na kosa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Sindano iliyotulia lakini iko chini mno huashiria taimingi iliyochelewa au hewa inayopenya. Kagua mipira ya vakyumu iliyopasuka, gasketi ya manifoldi na mpira wa busta ya breki. Ziba mmoja baada ya mwingine ukitazama geji. Corolla nyingi za enzi hizo zina sensa inayopima presha ndani ya manifoldi: hewa ya ziada ikiingia, kompyuta huongeza mafuta na silensa hupanda. Kwenye magari yanayopima hewa inayopita, hewa ya wizi haihesabiwi, mchanganyiko hukosa mafuta na injini hutetemeka. Usinyunyizie petroli kutafuta ufa karibu na ekzosi ya moto, tumia maji.

Geji ya pili ni ya presha ya mafuta: injini ya Toyota 4A-FE inatakiwa kusoma psi 31 hadi 37 kwenye silensa, na 38 hadi 44 mpira wa vakyumu wa regyuleta ukichomolewa. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo, regyuleta imetoboka. Presha ikiwa chini, bana kidogo mpira wa kurudishia mafuta: ikipanda, shuku regyuleta, isipopanda, kagua filta na pampu. Dalili za barabarani nazo husaidia: gari linalosumbua kwenye foleni ya Ubungo lakini likapanda Kitonga bila shida huwa linapenyeza hewa, linalotulia kwenye foleni na kuishiwa pumzi mlimani huwa limekosa mafuta.

Kubadilisha spea kwa kukisia ni kumnyang'anya mtu fedha yake, hata kama fundi hakukusudia. Vyuo vyetu vya ufundi vingepaswa kuzifanya geji hizi mbili sharti la kuhitimu, na kila gereji iandike vipimo kwenye karatasi na kumkabidhi mwenye gari kabla ya spea yoyote kununuliwa. Nawe mwenye gari, muulize fundi wako geji imesoma ngapi. Asipokujibu kwa tarakimu, usitoe fedha.