Mpakani Namanga, cheti ni mtaji

MFANYABIASHARA mdogo anayefika Namanga na magunia yake ya mahindi huwa na njia mbili. Moja hupita forodhani, nyingine ni njia ya panya.

Wengi huchagua ya pili kwa kuogopa ushuru. Hofu hiyo imepitwa na wakati.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 1, 2005. Mahindi yaliyolimwa Tanzania hayatozwi ushuru wa forodha yakiingia Kenya, mradi mwenye mzigo athibitishe yalikotoka.

Kwa mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, uthibitisho huo ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Hutolewa na maofisa wa forodha mpakani bila malipo, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi husika.

Hata hivyo, cheti hicho hakifuti vibali vingine, kikiwamo cha afya ya mimea.

Anayekwepa utaratibu huu hudhani ameokoa fedha. Lakini mnunuzi ng'ambo anajua kuwa mzigo huo hauwezi kurudi nyumbani kwa urahisi, wala mwenye nao hawezi kulalamika popote akipunjwa. Kwa hiyo mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Umuhimu wa karatasi ulionekana Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Hapo mkulima naye anahusika. Mahindi yanayoanikwa juu ya udongo au kufungwa kwenye magunia yakiwa mabichi hualika ukungu. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha yahifadhiwe mahali pakavu penye hewa.

Serikali nazo zina wajibu wao. Namanga ina kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi Desemba 1, 2018, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Lakini jengo pekee halitoshi iwapo nchi moja inaweza kufunga mlango ghafla wakati malori yako njiani. Viwango vya pamoja vitakuwa na maana pale kipimo cha upande mmoja kitakapoaminiwa na upande wa pili, na taarifa kutolewa mapema.

Aidha, mahindi ya njia za panya hayamo kwenye takwimu. Nchi zinapokaa mezani kujadili biashara ya mpakani, gunia ambalo halikuandikwa popote halina wa kulitetea.