Sikio la Mtoto Linalotoka Usaha

Mama ashukaye kutoka vijiji vya Mamba au Vudee kuja Same mjini, mtoto mgongoni kwa mbeleko, aghalabu humweleza tabibu kwanza habari ya homa na kikohozi, na habari ya sikio huitaja mwisho, tena kwa kuulizwa, akidhani usaha uliogandia shavuni ni jambo la utoto, litakwisha lenyewe kama kuota meno. Dhana hiyo ndiyo inilazimishayo kushika kalamu, kwani sikio linalotoka usaha ni maradhi kamili, na maradhi hayo yana tiba.

Nyuma ya ngoma ya sikio pana chumba kidogo chenye hewa, kiunganishwacho na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, ambao kwa mtu mzima huteremka, bali kwa mtoto mdogo ni mfupi na karibu umelala, hata vijidudu vya mafua hupanda kwa wepesi, mrija ukaziba, usaha ukajaa, na ngoma ikapasuka. Hapo maumivu hutulia ghafula, mtoto akalala, na wazazi wakashukuru kuwa amepona, ilhali tundu limebaki wazi. Na huko milimani, ukungu na baridi viwakusanyapo watoto kando ya mafiga, katika nyumba isiyo na njia ya kutokea moshi, mafua na moshi huyarudisha maradhi yale yale.

Ikiwa usaha haujatimiza siku 14, tabibu hutoa amoksilini kwa kadiri ya uzito wa mtoto, nayo sharti imalizwe. Ukizidi siku 14, tegemeo kubwa ni kulikausha sikio, kisha kutia matone aliyoyatoa tabibu, mara 3 kwa siku, kwa muda wa majuma 2. Mama ananawa mikono, anasokota utambi wa kitambaa safi cha pamba, anauingiza taratibu hadi uloane, anautoa na kuutupa, anasokota mwingine, mpaka utambi utoke mkavu. Njiti ya kiberiti, mafuta ya kupikia na maji ya majani havina nafasi sikioni. Wala maji ya kuoga yasiingie.

Kinga nayo yaanza mapema: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kutomnywesha mtoto chupa akiwa amelala chali, na chanjo ya nimonia, itolewayo nchini Tanzania tangu 2013 katika juma la 6, la 10 na la 14, ambayo humhifadhi na baadhi ya vijidudu vya masikio pia. Mtoto auguaye sikio mara 3 katika miezi 6, au mara 4 katika mwaka, astahili kuonwa na mabingwa wa masikio, kama wale wa hospitali ya KCMC, Moshi. Uvimbe nyuma ya sikio, au shingo kukakamaa, ni dalili ya hatari, na mtoto apelekwe hospitali siku ile ile.

Usaha ukiachwa bila tiba hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vema huchelewa kusema, na darasani huitwa mkaidi pasipo kosa lake. Basi, mzazi, baada ya siku 5 za dawa mrudishe zahanati sikio liangaliwe, hata kama umemwacha uani akicheza.