Maneno Yaliyomo Mikononi: Kujitolea, Maonyesho ya Jadi na Hatima ya Msamiati wa Ufundi

1.0 Utangulizi



Nimepewa heshima ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa watu wa makumbusho na wanaakiolojia, yaani maonyesho ya maisha ya kale, ambamo watu hujitolea kuvaa, kujenga, kufinyanga, kusuka na kufua kama walivyofanya wahenga. Huenda mkajiuliza mwanaisimu anatafuta nini humo. Jibu langu ndilo hoja ya mhadhara huu: sehemu kubwa ya msamiati wa ufundi haikai kichwani mwa fundi, hukaa mikononi mwake. Anayetaka maneno hayo hana budi kuifuata kazi yenyewe. Na anayetaka maneno hayo yaishi hana budi kuhakikisha kwamba yupo mtu mwingine anayejifunza kazi hiyo.

Nitaanza na kisa cha kwetu Kapalamsenga. Kisha nitaeleza mfano wa ufuaji wa chuma, na mwisho nitapendekeza masharti matatu ya kujitolea kwenye manufaa.

2.0 Somo la Kapalamsenga

Kapalamsenga imo katika nchi iliyokuwa Wilaya ya Mpanda, upande wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao tangu mwaka 2012 unaitwa Katavi baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Ni nchi ya lugha nyingi. Kibende, Kitongwe, Kipimbwe, Kikonongo na Kifipa zimekaa jirani kwa muda mrefu. Baadaye walikuja wafugaji na wakulima kutoka Usukuma na Uha, na katika miaka ya 1970 wakaja wakimbizi kutoka Burundi waliopewa makazi Katumba na Mishamo. Matokeo yake ni kwamba kijana wa leo wa Katavi huweza kuwa na baba wa lugha moja na mama wa lugha nyingine, naye mwenyewe akawa na Kiswahili tu kama lugha ya shughuli zake zote.

Nilipokuwa mhadhiri msaidizi nilikwenda huko na orodha ya maneno iliyochapwa kwa taipureta. Nilimkuta bibi mmoja mfinyanzi, nikaketi juu ya kigoda, nikaanza kuuliza: “Bibi, udongo mnauitaje? Chungu mnakiitaje?” Alinijibu kwa adabu, neno moja kwa swali moja, na kwa muda wa asubuhi nzima nilipata maneno yasiyojaza hata ukurasa. Mwisho akaniambia, “Mjukuu wangu, ukikaa hapo utapata majina ya vitu vilivyokwisha kwisha. Shuka ukachote maji.”

Nilichota maji. Nikakanyaga udongo. Nikaufinyanga vibaya, ukapasuka, naye akanikemea, na katika kunikemea akatumia neno la udongo unaopasuka kwa kukosa mchanga, na jingine la udongo unaopasuka kwa kukaushwa haraka. Hakuwa amenificha maneno hayo asubuhi. Hakuyakumbuka, kwa sababu hapakuwa na kosa la kuyaita. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba makosa ya mwanagenzi ni chombo cha utafiti chenye thamani kuliko hojaji.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia jambo hili. Kufinyanga kumetokana na kufinya, tendo la vidole, na mfinyanzi amepata jina lake humo. Fundi, kufundisha na mafunzo yana shina moja. Lugha yetu haikutenga mwenye ujuzi na mwenye kuurithisha. Aidha, vyombo vya mfinyanzi havikuwa “vyungu” tu. Chungu ni cha kupikia, mtungi ni wa maji, kaango ni la kukaangia, kibia ni cha kufunikia, na kikivunjika kimojawapo, kipande ni gae. Nimehudhuria maonyesho ambamo kijana aliyejitolea, amevaa kaniki na shanga, aliwaonyesha wageni mtungi na kuuita chungu. Wageni walipiga makofi. Mzee aliyeufinyanga alikuwa amekaa nyuma yake, wala hakuna aliyemgeukia.

3.0 Mfano wa ufuaji wa chuma

Kusini ya Katavi, katika nyanda za Ufipa, bado yako magofu ya tanuru za chuma ambazo wenyeji huziita malungu. Zimejengwa kwa udongo, nazo hufikia takriban mita 3 kwenda juu. Chini zina matundu ya kupitishia mabomba ya udongo, na upepo uliingia wenyewe pasipo mivukuto. Wafuaji walipanga ndani mkaa na mawe yenye chuma, wakawasha. Kilichotoka kilipelekwa katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, ambayo ndiyo iliyovuviwa kwa mivukuto, ili kukisafisha. Ndipo kilipofika kwa mhunzi aliyefua majembe, shoka na mikuki. Tanuru ilihesabiwa kuwa mwanamke. Ilipambwa kama bibi harusi na ilitarajiwa kuzaa chuma. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea na utawala wa kikoloni ulipobadili uchumi na nguvu kazi ya vijiji.

Habari hizi tumezipata kwa wanaakiolojia na wanaanthropolojia. Bertram Mapunda alizichunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1995, na Randi Barndon wa Norway alilinganisha ufuaji wa Wafipa na wa Wapangwa. Kabla yao, katika Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee waliokuwa wameacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa wajenge tena tanuru na kufua. Matokeo yalitangazwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Wataalamu wengine wamebishana na tafsiri yao kuhusu namna hewa ilivyopata joto kabla ya kufika motoni, na mjadala huo siuingilii. Linalonihusu ni kwamba wazee wale hawakuimba wimbo uliokaririwa. Walijaribu, wakakosea, wakasahihishana, na ujuzi ukarudi kwa kadiri mikono ilivyoendelea kushika kazi.

Sasa tutazame neno. Katika vitabu vyetu husemwa kwamba wahenga “waliyeyusha chuma”. Usemi huu si sahihi. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, joto ambalo tanuru hizi hazikulifikia. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe, ambao Kiswahili huuita mavi ya chuma. Huo ulitiririka na kujitenga, na chuma kikabaki kuwa bonge gumu lenye vishimo vishimo kama sifongo. Ndiyo maana ikahitajika hatua ya pili ya kintengwe. Aliyesimama kando ya tanuru hawezi kukosea hapo, maana ameona kwa macho yake ni kipi kilichotiririka na ni kipi kilichobaki. Aliyeketi mezani akitafsiri kutoka kitabu cha kigeni alikosea, na kosa lake limerithiwa na wanafunzi wetu.

Vilevile neno tanuru limebeba mzigo mkubwa mno. Tunalitumia kwa mkate, kwa chokaa, kwa matofali na kwa chuma. Kifipa kinatofautisha malungu na vintengwe kwa kuwa kazi zake ni mbili. Kiswahili kilipohitaji istilahi za sarufi kilichukua ngeli kutoka Kihaya, na kilipohitaji jina la baraza la kutunga sheria kilichukua bunge kutoka Kiha. Hakuna sababu ya kutochukua malungu na kintengwe kutoka Ufipa.

4.0 Kazi iliyo hai huzaa maneno

Pengine mtasema haya ni maombolezo ya mzee. La hasha. Kapalamsenga ya leo inafahamika kwa machimbo ya shaba, na wachimbaji wadogo wa Katavi, kama wenzao wa nchi nzima, wana msamiati mpana ambao hakuna baraza lililowatungia. Shimo lao ni duara, magogo ya kuzuia kuta zisibomoke ni matimba, mashine ya kusagia mawe ni karasha. Baadhi ya maneno haya yana asili ya Kiingereza, lakini yamevalishwa umbo la Kibantu na yanatumiwa bila kigugumizi. Kwa nini yameenea? Kwa sababu maisha ya mtu yanayategemea. Anayeshuka duarani asijue neno matimba yumo hatarini.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa maonyesho ya jadi. Katika maonyesho hakuna lililo hatarini. Chungu kisipoiva, hakuna atakayelala na njaa. Kwa hiyo maneno huwa mapambo, kama yale mavazi. Ili maneno yapate uzito, lazima kazi nayo ipate uzito: chungu kipikiwe, mkeka ulaliwe, jembe lilime.

5.0 Masharti matatu ya kujitolea

Tanzania inayo mahali pa kuanzia. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa kujenga nyumba za jadi za jamii mbalimbali za nchi, na tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikizialika jamii kuonyesha utamaduni wao katika siku maalumu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, kuna makumbusho ya Wasukuma. Mwaka 2011 nchi yetu iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kuhifadhi urithi wa utamaduni usioshikika, mkataba unaohesabu ufundi wa jadi na urithishaji wake kuwa sehemu ya urithi huo. Kinachohitajika ni namna bora ya kujitolea. Ninapendekeza masharti matatu.

Sharti la kwanza, anayejitolea aanze kuwa mwanagenzi kabla ya kuwa mwonyeshaji. Afike siku nyingi kabla ya sherehe, wakati udongo unapochimbwa na miyaa inapokaushwa. Atakayeanza na ukili atajua kwamba mkeka ni kili zilizoshonwa pamoja. Atakayekaa na mfumaji atajua mtande ni nyuzi za urefu na mshindio ni nyuzi zinazopita kati yake. Maneno haya mawili yamo katika kamusi zetu, lakini ni vijana wangapi wamewahi kuyatamka wakiwa wameshika uzi?

Sharti la pili, ayaandike maneno mahali pa kazi, katika lugha ya fundi kwanza, kisha atafute pamoja naye neno la Kiswahili. Aandike pia neno lilitajwa wakati wa tendo gani na kwa kosa gani. Daftari la namna hiyo, likiletwa chuoni, litatufaa kuliko orodha yangu ile ya taipureta.

Sharti la tatu ndilo zito zaidi, nalo linahusu haki. Kitenzi kujitolea kina kiambishi cha kujirejea: mtu hutoa nafsi yake kwa ajili ya mwingine. Lakini ninaona siku hizi vijana na wazee wote wanaombwa “wajitolee”, na mwisho wa siku mzee hupewa soda na nauli. Hii si jadi yetu. Katika jadi, mwanagenzi ndiye aliyejitolea, kwa kuchota maji, kubeba kuni na kuvuvia mivukuto, na alipohitimu alimpa fundi wake kilemba. Neno hilo, mbali na kitambaa cha kichwani, lina maana ya zawadi ya heshima anayopewa mwalimu au fundi kazi inapokamilika. Lugha imetuhifadhia desturi ambayo sisi tumeisahau. Kijana ajitolee kwa moyo, naye fundi apewe kilemba chake. Kumwomba mwenye ujuzi autoe bure mbele ya wageni waliolipa kiingilio ni kumdhulumu, na anayedhulumiwa hufunga mdomo. Neno lililofungiwa hivyo haliwezi kufunguliwa na kamusi yoyote.

6.0 Hitimisho

Nilirudi kwa bibi yule miaka michache baada ya ziara ile ya kwanza, nikiwa na kinasa sauti kizuri. Alikuwa amefariki. Wajukuu wake walinionyesha mtungi wake mmoja, ukiwa bado unatumika kuhifadhi maji, nikawauliza kama yupo aliyejifunza kufinyanga. Hakuna. Nikawauliza kama wanayakumbuka maneno aliyokuwa akiyatumia kwa udongo. Binti mmoja alisema, “Mwalimu, tulikuwa tunayasikia kila siku, lakini hatukuwahi kuushika udongo.”

Yale maneno mawili aliyonikemea nayo ninayo katika daftari langu. Nimeyapata kwa sababu nilikosea kazi siku moja tu. Najiuliza ningepata mangapi kama ningekubali kukosea kwa mwaka mzima. Swali hilo ninawaachia vijana mliomo ukumbini, ambao bado mnao muda wa kukosea, na mafundi wa kuwakemea bado wapo. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Tusingoje mpaka na gae nalo limepotea ndipo tukaulize jina lake.