Simu ya Baba Imebaki: Usitumie Pini, Usitupe Laini

Tuseme mzee wa boma moja pale Murera ameaga Jumanne usiku. Kufikia Jumatano asubuhi jamaa wamejaa, mochari inataka pesa, na simu ya marehemu iko mezani. Kifungua mimba anajua pini. Ndani kuna shilingi 86,000. Mjomba anasema, "Si ni pesa ya baba yenu? Toeni tuzike mtu."

Ushauri wetu: msitoe.

Salio ni mirathi

Mtu akifa, pesa zilizo kwenye laini yake huwa sehemu ya mirathi, sawa na shamba au ng'ombe. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Isitoshe, aliyegusa anaweza kudaiwa alichochukua.

Pengine hakuna atakayekushtaki. Lakini taarifa ya akaunti huonyesha tarehe na saa ya kila muamala. Dada aliyeolewa Ruiru akiona miezi baadaye kwamba elfu 86 zilitoka siku moja baada ya kifo, utamshawishi vipi kwamba zote ziliishia kwa jeneza na gari? Familia nyingi huvunjika kwa sababu hakuna aliyeweka hesabu, hata kama hakuna aliyeiba.

Mazishi je?

Chagueni mweka hazina, na michango yote iingie kwenye laini yake au akaunti ya kamati, si kwa laini ya marehemu. Wekeni kila risiti. Sheria inataka gharama za mazishi zinazofaa zilipwe kutoka kwa mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Kwa hivyo ukitoa pesa yako leo na uwe na risiti, una msingi wa kuomba urudishiwe.

Usitupe laini

Hili wengi hawalijui. Ukanda wa Juja, Murera na Ruiru umejaa watu walionunua ploti kwa kulipa kidogo kidogo kupitia paybill. Mzee akifa kabla hajamaliza, ushahidi wa malipo yake unaweza kuwa zile meseji zilizo kwenye simu. Huko pia ndiko utaona chama chake, sako yake, bima, na hata deni la mkopo wa simu.

Kwa hivyo usifute simu, usimpe mtoto achezee, na usingoje miaka. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na nambari ikapewa mtu mwingine. Pesa zikikaa bila kudaiwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, UFAA. Hazipotei, kwa kuwa warithi wanaweza kuzidai huko, lakini safari inakuwa ndefu.

Njia halali

1. Ripoti kifo. Aliyefia nyumbani, ripoti kwa naibu wa chifu. Aliyefia hospitalini, hospitali itakupa karatasi za kuanzia. Kisha omba cheti cha kifo.
2. Tujulishe mapema ili tulinde akaunti. Beba cheti cha kifo na kitambulisho chako.
3. Pata barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Usimwache yeyote nje, hata yule mliyekosana naye. Kuficha mrithi kunaweza kufanya idhini ya mahakama ifutwe baadaye.
4. Peleka ombi la usimamizi wa mirathi mahakamani, kwa mfano Mahakama ya Thika. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Kwa kawaida idhini huthibitishwa baada ya miezi 6, na hapo ndipo mali hugawanywa.
5. Kama mali ni kidogo, uliza ofisi ya Mdhamini wa Umma, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, kama inaweza kuwasimamia.

Kama marehemu alikuwa Mwislamu, mgao hufuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi inaweza kusikiliza kesi.

Wewe uliye hai, fanya haya wiki hii

Andika orodha ya laini zako, sako, chama, ploti na madeni. Usiandike pini. Mwambie mtu unayemwamini orodha iko wapi. Kagua jina la mrithi uliyemteua kule sako. Pengine bado ni yule wa kabla hujaoa.

Kisha andika wosia. Unahitaji mashahidi wawili, na ni bora wasiwe watu unaowaachia mali. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unakubalika, lakini kwa raia wa kawaida hauna nguvu ukiishi zaidi ya miezi 3 baada ya kuutamka.

Mwisho, tahadhari. Matangazo ya kifo husomwa na matapeli pia. Mtu akikupigia simu akisema anatoka kwetu, na anataka pini ya marehemu ili "akufungulie pesa", kata simu. Sisi hatuulizi pini ya mtu yeyote, awe hai au amefariki.