Stima Ikipotea Katikati ya Malipo, Rekodi Iko Wapi?

Una duka karibu na soko la Gakoromone, Meru. Mteja amelipa kwa simu, kompyuta ya duka imeandika "imehifadhiwa", halafu stima inapotea. Ikirudi, malipo yale ya mwisho hayako. Mteja anakuonyesha ujumbe kwa simu yake, nawe unamtazama kama mwizi. Pole pole. Huenda nyote wawili mnasema ukweli, na ni diski ya kompyuta iliyojibu mapema.

Diski ina kumbukumbu yake ndogo ya muda, yenye kasi lakini inayofutika stima ikikatika. Rekodi ikitumwa, diski huipokea hapo kwanza na kujibu "tayari", kisha huiandika ndani baadaye. Ni kama karani anayepokea miraa kule Maua asubuhi: anatajiwa idadi ya mabunda, anaitikia "nimeandika", kumbe hesabu bado iko kichwani. Siku nyingi haileti shida, na kazi inaenda mbio.

Kwa pesa, hiyo haitoshi. Ndiyo maana keneli, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, inaweza kuiamuru diski imwage kumbukumbu yote ya muda iingie ndani. Ni salama, ila inachelewesha, kwa sababu hata vitu visivyo na haraka vinangojewa. Njia nyingine ni kuandika kwa lazima: rekodi hii moja isijibiwe "tayari" mpaka iwe imeandikwa kabisa.

Amri hiyo hupitia kwa draiva, programu ndogo inayosimama kati ya keneli na diski. Draiva isipoijua, keneli huandika kisha humwaga kila kitu, na kasi inapungua. Kibaya zaidi ni draiva inayoipokea amri na kuipuuza kimya. Afadhali ikatae waziwazi. Katika Linux, amri hii iliachwa imezimwa kwa diski za SATA kwa miaka mingi, kwa kuwa kuna diski zilizodai kuiweza na haziiwezi. Mwishoni mwa 2022 wasanidi walirudi kuirekebisha kazi hiyo ya draiva. Kazi ya kuchosha, na hakuna mteja anayeiona.

Betri ya akiba ya kompyuta inasaidia, lakini ina mwisho wake. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, watu wengi walikaa gizani kwa saa nyingi. Na betri haizuii mtoto kung'oa waya.

Kwa upande wetu, ujumbe wa uthibitisho hautumwi kabla rekodi haijaandikwa ndani ya diski za seva. Kwa hivyo stima ikirudi, usimwambie mteja alipe tena. Fungua taarifa ya akaunti kwa simu yako, tafuta namba ya muamala, ulinganishe na ya mteja. Usiridhike na picha ya ujumbe kwa simu yake, kwa maana hiyo huweza kughushiwa. Ukiipata kwenye taarifa yako, iingize upya kwa kompyuta ya duka.

Na fundi akija, muulize: programu hii ikisema "imehifadhiwa", inangoja diski iandike kweli, au inangoja tu ijibu?