Yowe la Usukumani

Ng'ombe wakiibwa usiku Usukumani, mwenye zizi hangoji kupambazuke ili akatoe taarifa ofisini. Anapiga yowe. Wasukuma na Wanyamwezi huliita mwano, na kwa desturi yao anayelisikia hana ruhusa ya kujifanya amelala. Anachukua upinde, podo la mishale na fimbo, anatoka nje na kuuliza limepigwa upande gani.

Kukikucha, kazi ni kufuata nyayo. Wazee wenye macho ya kazi hiyo hutangulia: wanatazama kwato zilivyochimba mchanga wa mto mkavu, mavi kama bado yana unyevu, majani yaliyolazwa pembeni mwa njia. Wakifika mpaka wa kijiji jirani, wenyeji huzipokea nyayo na kuendelea nazo. Kijiji ambacho kwato zimeingia na hazikutoka kina maswali ya kujibu.

Juu ya desturi hiyo ndipo lilipojengwa jeshi la jadi la sungusungu. Lilianza kati ya mwaka 1981 na 1982 katika maeneo ya Kahama na Nzega, mpakani mwa Shinyanga na Tabora. Hali ya wakati ule wakongwe wanaikumbuka vizuri. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha silaha zikizagaa mitaani, uchumi ulikuwa umeyumba, sabuni na sukari vilikuwa adimu madukani. Wezi waliokuwa wakija na fimbo sasa walikuja na bunduki. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na hata anayefika hapo aliweza kumwona mtuhumiwa wake akirudi kijijini kabla yake. Kwa familia ya mfugaji, kuondokewa na ng'ombe kulikuwa kuondokewa na mahari ya kijana, na plau ya msimu ujao, na maziwa ya watoto, vyote kwa usiku mmoja.

Wanakijiji hawakusubiri waraka. Walijipanga kwa vyeo walivyovifahamu: mtemi juu, mtwale msaidizi wake, makamanda wa kuongoza vijana, na katibu wa kushika daftari. Utawala wa machifu, yaani watemi, ulikuwa umefutwa na Serikali ya Tanganyika mwaka 1963. Miaka ishirini haijatimia, neno mtemi likarudi vijijini, safari hii likimhusu mkulima wa kawaida aliyechaguliwa na wenzake. Vijana nao hawakuwa wageni wa nidhamu ya kundi. Usukumani wamelima kwa vikundi vya vijana viitwavyo elika tangu zamani, wakiwa na kiongozi wao, adhabu zao kwa mvivu na ngoma yao ya kushindana. Waliojua kuitana alfajiri kwenda shambani hawakuhitaji kufundishwa kuitana usiku wa manane.

Kuenea kwake ni hadithi yenyewe. Kijiji kilichochoka kuibiwa kilituma ujumbe kwa kijiji chenye sungusungu, kikaomba kufundishwa. Walimu walikuja na dawa zao, wakala viapo na wanachama wapya, wakawaagiza kila mmoja awe na upinde, mishale na filimbi, kisha wakaondoka. Kijiji kipya nacho kikawa mwalimu wa jirani. Kwa muda mfupi mtandao ulikuwa umefunika sehemu kubwa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza. Mwizi aliyevuka vijiji vitatu alikuta kila mahali wamekwisha kuamka.

Lakini upinde haukuwa silaha kali kuliko zote. Iliyoogopwa zaidi ni kutengwa. Mtu aliyekataa kutoka lindo, au aliyebainika kuficha mwizi, si lazima alipigwa; alinyimwa watu. Hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumwazima moto wala jembe, mkewe akienda kisimani wenzake wananyamaza, na akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Kurudi kundini kulikuwa na gharama, mara nyingi mifugo. Anayetaka kujua kwa nini ulinzi huu ulidumu, na kwa nini zamu za usiku zinazopangwa kwa amri tu hukauka baada ya muda, jibu analipata hapo: kutokwenda lindo kuligharimu kuliko kwenda.

Nguvu hiyo hiyo ndiyo iliyoleta maovu. Jamii inayoweza kumtenga mwizi inaweza kumtenga asiyependwa. Baadhi ya makundi yalipiga watuhumiwa mpaka wakafa, na vikongwe walioshukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho yao mekundu ya moshi wa jikoni, walijikuta mbele ya baraza lisilo na wakili wala rufaa. Kusifia sungusungu bila kuwataja hao ni kusema nusu ya habari.

Dola ilibabaika. Polisi na mahakama waliona mamlaka yao yakichukuliwa. Mwalimu Nyerere na CCM waliona wananchi wanaojitegemea, wakawatetea. Hatimaye, mwaka 1989, Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwaingiza sungusungu humo, wakapata uwezo wa kukamata. Mwaka uliofuata Augustine Mrema aliingia Wizara ya Mambo ya Ndani na kuhimiza sungusungu hata mijini. Huko mambo yalikuwa mengine. Mkazi wa mjini aliye na duka au zamu ya kiwandani aliona afadhali atoe mchango, alinde mwingine. Na penye mchango hapakosi anayeuliza fedha zimekwenda wapi.

Wengine pia wamejaribu. Kenya, baada ya shambulio la Westgate la 2013, iliazima kutoka Tanzania mpango wa nyumba kumi, ambao TANU iliuanzisha miaka ya 1960. Huko huko Kenya, kwa Wakisii, jina la sungusungu lilibebwa na makundi yaliyokuja kulaumiwa kwa mauaji. Tanzania nayo ilileta Polisi Jamii chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeshika wadhifa huo mwaka 2006, ili ulinzi wa raia ufanyike pamoja na askari badala ya kando yao.

Kijiji kinachotaka kukuza ulinzi wake leo hakianzi mikono mitupu. Halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama; zamu zipangwe huko, kwa majina, kitongoji kwa kitongoji, na daftari likae kwa mtendaji ambapo yeyote anaweza kulisoma. Wajane na wazee wasitozwe kwa kushindwa kukesha. Faini iandikwe katika sheria ndogo, isitungwe papo hapo na kamanda mwenye hasira. Mtuhumiwa akikamatwa apelekwe kituoni akiwa mzima, maana marekebisho ya 1989 yalitoa uwezo wa kukamata, hayakutoa uwezo wa kuhukumu. Yote hayo yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwananchi ambaye kijijini kwake haukai ana haki ya kumuuliza mwenyekiti sababu.