Ploti ya "Konza": Soma Hii Kabla Hujaweka PIN

"Konza, dakika tano kutoka jiji la kisasa! Ploti 50 kwa 100. Lipa elfu hamsini leo ushikiwe." Tangazo hilo liliingia kwenye grupu ya WhatsApp ya chama cha shangazi yangu, na chini yake nambari ya simu. Shangazi alikuwa ameshaiandika hiyo nambari, amebakisha PIN. Bahati nzuri jina lililotokea lilimshtua, akanipigia. "Hebu niambie wewe uliyesoma, hii ni kampuni ama ni mtu?"

Ni mtu, Shangazi.

Sasa, Konza yenyewe si hadithi. Ni mradi wa Ruwaza ya 2030, ekari 5,000 kando ya barabara ya Mombasa, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013. Barabara za ndani zipo, na kituo cha data cha serikali kipo. Lakini awamu ya kwanza ni ekari 400 tu, kwa hivyo ukipita kule usishangae kuona nyika zaidi ya majumba.

Kitu ambacho mabroka hawatakwambia ni hiki: ardhi iliyo ndani ya jiji haiuzwi. Ni ya umma, iko chini ya mamlaka ya Konza, na mwekezaji hukodishwa kwa mkataba wa miaka mingi. Anayekuuzia "ploti ndani ya Konza" anakuuzia hewa. Zinazouzwa ni za nje, upande wa Machakos, Makueni ama Kajiado. Hata huko, kuna ukanda wa kilomita 10 kuzunguka jiji ambapo ujenzi hudhibitiwa. Unaweza kuwa na hati miliki safi mkononi na bado ukaambiwa nyumba uliyotaka haijengwi hapo.

Sisemi usinunue. Nasema anza na nambari ya hati, si nambari ya simu. Ukiwa nayo, fanya upekuzi rasmi, ile watu huita sachi, ujue jina la mwenye shamba na kama limewekwa rehani. Ada hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Broka akisema umtumie yeye "akusaidie kulipa", kataa. Kama ni ardhi ya kilimo, na nyingi ya huko ndiyo hiyo, lazima bodi ya kudhibiti ardhi itoe idhini, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo mkataba hauna nguvu. Pesa kubwa zipitie kwa wakili wako.

Na tuelewane kuhusu kurudishiwa pesa. Ukikosea nambari, tupigie haraka, tutajaribu kukusaidia. Lakini ukimtumia kwa hiari mtu uliyemkusudia, huo si muamala wa makosa. Mara nyingi ukifika kwetu, yeye ameshatoka kwa wakala.

Kama hamu yako ni kufaidika na ukuaji wa nchi na wala si kumiliki udongo, kuna njia nyingine: hati fungani za miundombinu za serikali. Unanunua kupitia mfumo wa Benki Kuu unaoitwa DhowCSD, kuanzia 100,000, na riba huingia kila miezi sita. Haina picha ya kuwarushia watu wa chama, hiyo nakubali.

Shangazi aliomba nambari ya hati. Akajibiwa, "Mama, hizo ni za baadaye, ploti zimebaki mbili." Siku nne baadaye tangazo likarudi, bado zimebaki mbili. Wanachama wakaomba waende kuona shamba pamoja na mpima ardhi. Jioni hiyo yule broka akatoka kwenye grupu, na elfu hamsini za Shangazi bado ziko kwa simu yake.